Hatuthibitishi, Hatukanushi

Barua yako, Bwana Kinnunen, ilinifikia Jumanne:
bahasha ya kaki, stempu mbili pale ambapo moja ingetosha,
na ndani yake harufu ya sabuni.
Unakandamiza kalamu kama mtu
aliyefundishwa kuandika na baba mkali.
"Mimi ni dobi. Nina mashine kumi na nane
mjini Duluth, mtaa unaoteremka hadi ziwani.
Benki imenifungia akaunti bila neno.
Nasikia serikali ina faili lenye jina langu.
Naomba nilisome. Jina ni langu."

Jina ni lako. Faili si lako.
Ndivyo isemavyo kanuni, kurasa kumi na moja
nilizozihifadhi kama wenzangu walivyohifadhi sala:
kumbukumbu za upelelezi wa fedha
hafunguliwi anayepelelezwa,
wala haambiwi kwamba zipo,
wala haambiwi kwamba hazipo.

Nimo ghorofa ya tatu, Virginia; dirisha langu
linatazama maegesho ya magari na mti mmoja.
Kazi yangu ni wino mweusi.
Siri ya mtungi aijuaye kata:
mimi ndiye kata, na kata haina mdomo.

Nililifungua
(kila kulifungua huandikwa: saa, dakika, jina la afunguaye).
Nikakuona benki, Ijumaa, na dola elfu tisa na mia nane.
Ijumaa nyingine, elfu tisa na mia saba.
Chini kidogo tu ya elfu kumi,
kama mrefu anayeinama mlangoni
asijue mlango una kimo gani.
Au anajua.
Hapo ndipo mtu fulani alipoinua kalamu.
Mtu huyo ni █████ █████.
Hukuletea mablanketi yake barafu inapoyeyuka,
nawe humtozi tangu afiwe na mume.
Hata humu ndani ya shairi nampaka wino.

Wakauliza: pesa za dobi
zimetakata, au zimetakatishwa?
Mpelelezi akaja, akakaa siku tatu dukani mwako
akifua shati lilelile,
akihesabu milango ya mashine inavyofunguka na kufungwa.
Mwisho akaomba ankara zako za maji.
Maji yalikubaliana na sarafu.
Ukurasa wa mwisho una mistari miwili:
bima ya duka hailipi zaidi ya elfu kumi zikiibwa,
ndiyo maana hukimbilia benki mapema. Hakuna kosa.

Limefungwa miaka mitatu sasa.
Nami siruhusiwi kukuambia limefungwa,
kwa kuwa kilichofungwa, kilikuwepo.

Nikaandika: *hatuthibitishi, hatukanushi.*
Nikatia saini. Mkate wangu wa mchana
nikaurudisha nyumbani ulivyo.

Kisha Machi, barua nyingine,
karatasi nzito, nembo ya wakili.
Mteja wake anataka kulinunua jengo lako
na angependa kujua, kwa manufaa ya umma,
kama Arvo Kinnunen aliwahi kuchunguzwa
kwa jambo lolote, lini, na nani alimsema.

Nilimjibu siku ileile.
Maneno yaleyale, nukta palepale.
Ukuta uliokunyima wewe dirisha
ulimnyima yeye tundu la kuchungulia,
na █████ akalala usingizi wake
bila kujua kwamba kuna mtu kagonga.
Muhuri niliupiga kwa nguvu hadi jirani yangu akageuka.

Sijui kama hiyo ni haki. Ni kanuni.
Jina langu mwenyewe sijalitafuta humo;
kutafuta nako huandikwa.

Jioni nikaona doa kwenye kikuba cha blauzi,
jeusi, pana kama ukucha.
Ungekuwa karibu ningekuletea.
Ungelielekeza kwenye taa, ungelikwaruza kidogo,
usiulize limetoka wapi,
ungesema: iache hapa. Njoo Alhamisi.